Kipande cha tiketi: fainali ya Simba 1993 au ya Gor Mahia 1987, nichukue kipi?

MtotoWaIlala
Wakuu, habari za jioni. Kuna vipande viwili vya tiketi za zamani, na fedha yangu inatosha kimoja tu. Cha kwanza ni fainali ya Kombe la CAF 1993, Simba na Stella Abidjan, hapa Dar. Cha pili ni cha Nairobi 1987, Gor Mahia na Espérance ya Tunis. Nakusanya vipande hivi kwa sababu nikikishika kimoja naanza kuwaza: je, mechi ile ingeisha vingine? Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Mtunza_Karatasi
Mkuu, yote ya muhimu umeyaacha. Bei? Kimechanwa wapi? Namba inasomeka? Jukwaa kuu au mzunguko? Weka picha, mbele na nyuma.

Lunyasi93
Chukua cha 1993. Tulitoka Abidjan 0-0, tukajua kombe liko Msimbazi, nyumbani kwa Simba. Uwanja wa Taifa umefurika, Rais Mwinyi yupo jukwaani, halafu Boli Zozo wa Stella akatuua. 0-2. Tungeshinda siku ile, kizazi kizima kingekua kikijua kombe la Afrika linachukulika. Na fikiria, tiketi ya ushindi watu huenda nayo nyumbani. Ya kipigo kile wengi waliitupa wakiwa bado getini. Ndiyo maana huioni.

KOgalo_Damu
Ndugu zangu wa Tanzania, heshima yenu, lakini mnamshauri mtu anunue huzuni? Tunis 2-2, Kasarani 1-1, Peter Dawo akafunga, kombe likabaki Nairobi. Uwanja wenyewe ulikuwa mpya, umefunguliwa mwaka huohuo kwa Michezo ya Afrika. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta kombe la Afrika. Hicho si kipande cha kufikiria mara mbili.

Jangwani1935
Kombe la bao la ugenini! Jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyotunyima sisi Yanga 2023. USM Alger ya Algeria walitufunga 2-1 kwa Mkapa, hapa Dar, tukaenda kwao tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe wakabaki nalo wao. UEFA waliifuta sheria hiyo 2021. CAF nao wangeifuta, mechi ile isingeishia pale, na golini tulikuwa na Diarra.

KOgalo_Damu
Ukiifuta tangu zamani, na sisi 1987 tunaenda penalti.

Jangwani1935
Twendeni wote. Bora kombe liamuliwe kwa mpira kuliko kwa hesabu.

Mtunza_Karatasi
Jamani, mtu ananunua Jumamosi. Mimi niliuziwa kipande "cha 1993" na kijana mmoja mtandaoni. Kwenye picha kilipendeza: karatasi imegeuka njano, kingo zimelika. Kilipofika nikasoma "Uwanja wa Uhuru". Mwaka 1993 uwanja ule ulikuwa Uwanja wa Taifa! Jina la Uhuru lilikuja baadaye, uwanja mpya wa jirani ulipokwisha kujengwa. Nikagusisha pembe moja na kitambaa chenye maji, wino ukachuruzika, na ile njano ikatoka pamoja nao. Ilikuwa chai. Nikampigia, akasema alipewa na mjomba wake, kesho yake simu haipatikani. Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba watu walioumia siku ile wanauziwa maumivu yao kwa karatasi ya printa. Kwa hiyo angalia nyuma kwa kioo cha kukuzia. Ukiona herufi zimeundwa kwa vitone vya rangi rangi, achana nacho.

MtotoWaIlala
Asanteni. Cha Simba anataka laki moja na nusu, cha Gor laki na themanini. Picha amenitumia za mbele tu. Cha Simba ni mzunguko, namba inasomeka nusu. Cha Gor kimelaminishwa.

Mtunza_Karatasi
Kimelaminishwa? Basi karatasi imepikwa kwa joto la mashine. Plastiki ile huwezi kuibandua bila kuichana, na huwezi kuikagua karatasi kwa mkono.

KOgalo_Damu
Na unyevu wa Dar je? Labda bila plastiki kisingefika leo. Mwombe apunguze bei, uchukue.

Jogoo_wa_Kampala
Mnaongea kama Uganda haikuwepo. Kombe la CAF lilianza 1992, na fainali ya kwanza kabisa ilikuwa Villa yetu ya Kampala na Shooting Stars ya Nigeria. Tulipoteza. Mwaka uliofuata Simba nao wakapoteza. Sasa geuza matokeo yote mawili: kombe jipya la bara linazaliwa na kukaa Afrika Mashariki miaka miwili mfululizo. Wachezaji wetu wangapi wangeonekana mapema?

Lunyasi93
Hilo sikuwahi kuliwaza, na umenigusa. Jogoo, una kipande chochote cha Villa wa 1992? Nina cha Simba na Zamalek wa 2003, mechi ya Dar, tuliyoshinda 1-0 kabla ya kuwatoa kwa penalti Cairo. Ninavyo viwili, tubadilishane.