Manga za mapigano: adui anafyeka mji mzima halafu anasamehewa, hii imekaaje?

Ngosha_wa_Igoma
Wakuu kwema? Naomba kuuliza wale mnaofuatilia manga (katuni za Kijapani) za mapigano, hizi za kina Luffy wa One Piece na Naruto. Hivi hukumu ya adui huwa wanaipangaje? Maana mimi sielewi kabisa. Kibaka wa chapta moja aliyempora mtu hela anapigwa ngumi moja anapasua kuta tatu, ila jitu lililomaliza watu likikaribia kufa tu linarudishwa utotoni, mvua inanyesha, mama yake amekufa, njaa imemuuma, chapta mbili baadae steringi ana machozi na sisi tunaambiwa tulie nae.

Mfano Obito wa kwenye Naruto. Huyu ndo aliyemfungulia yule mbweha wa mikia tisa usiku Naruto anazaliwa, wazazi wa dogo wakafa palepale, na watu wa kijiji wakafa, baadae akaja kuanzisha vita ya dunia nzima ya ninja, na chanzo cha yote hayo ni msichana aliyempenda kafa mbele ya macho yake. Sawa inauma, lakini mbona wajane wa mtaani hawachomi miji? Mwishoni anakufa upande wa steringi kama shujaa. Afu kuna Orochimaru, kamuua Hokage (mkuu wa kijiji) wa tatu ambaye ndo mwalimu wake, kafanya majaribio kwenye miili ya watoto, vita imeisha yupo zake uraiani, adhabu yake ni kuwekewa mtu wa kumchunga. Huku kwetu mtu akidakwa na injini ya boti ya wizi hapo mwaloni usiombe uwe unafanana nae hata shati.

Mdogo wangu ananiambia kaka wewe unataka kila adui achinjwe, wewe umekulia muvi za kibanda umiza. Hapana bana. Naulizia kipimo. Mtunzi anapimaje kwamba huyu afe, huyu afungwe, huyu apewe ndoa? Na ni manga gani mnaona imepatia?

Dada_wa_Pasiansi
Kaka Ngosha kipimo kipo ila umeenda kukitafuta kwenye Naruto, huko lazima upotee. Nenda One Piece kwa Arlong. Mtunzi wake Oda huwa haui maadui zake, ni wa kuhesabu, ila sijawahi kusikia mtu analalamika Arlong kaonewa huruma.

Angalia alivyojengwa. Ni haramia wa watu samaki, kateka vijiji, kila mtu mzima analipa beri (hela ya huko) 100,000 kwa mwezi na mtoto 50,000, usipolipa unakufa. Bellemere, mama mlezi wa Nami (yule mwenzie Luffy melini), mkononi ana 100,000 tu, ingetosha kujilipia yeye, akasema hii ni ya wanangu wawili, akapigwa risasi mbele yao. Nami bado mtoto mdogo anachukuliwa kwenda kuchora ramani, anaambiwa ukifikisha beri milioni 100 nakuuzia kijiji chako. Anaiba miaka na miaka anakaribia kabisa kufikisha, Arlong anamtuma yule kapteni mla rushwa wa jeshi la majini aje akazichukue zote, yaani ahadi yake anaitunza kwa mdomo huku serikali inamfanyia kazi chafu. Hapo ndo utaona Oda anajua kumchukiza mtu. Sio wingi wa maiti, ni ule mkataba wa kijanja ambao kila mtu aliyewahi kukopa kwa riba za mtaani anaufahamu.

Sasa adhabu. Luffy anafika kwenye chumba alichokuwa anafungiwa Nami kuchora, anaona kalamu ina damu, anaanza kuvunja meza na makabati anatupa nje, Arlong analia ramani zangu ramani zangu. Kile chumba kinavunjwa kabla hata ya Arlong mwenyewe kumalizwa. Afu jengo zima linashuka. Oda alishawahi kumjibu msomaji kwanini Luffy haui, jibu lake kwa kifupi ni kwamba hawa watu wameweka roho zao kwenye ndoto yao, ukiivunja ile ndoto maumivu yake ni sawa na kufa. Kwa Arlong ndo ilivyo, ndoto yake ilikuwa kwenye yale makaratasi.

Na miaka mingi ya uchapishaji baadae tunaonyeshwa jinsi binadamu walivyowatesa watu samaki, historia yenyewe ya kina Arlong. Nami akasema wazi Arlong hamsamehi. Akasikia yote, akaelewa yote, na bado hapana. Huyo Obito wako alinyimwa mtu kama Nami wa kumwambia hapana.

Mzee_wa_Kibanda_Umiza
Nyie watoto mmeharibiwa na hizi kumbukumbu za utotoni. Sisi tulikuwa na Kenshiro wa Fist of the North Star, 1983 mpaka 1988, gazeti lilelile la Weekly Shonen Jump lililomtoa huyo Naruto wenu. Jambazi anapora maji ya mzee, anakanyaga mbegu za mpunga, Kenshiro anakuja anamgusa kidole kwenye paji la uso, jambazi anacheka, sekunde kadhaa kichwa kinapasuka. Kesi imeisha, bando limebaki.

Mbishi_Mabatini
Mzee shikamoo, ila mbona unasimulia nusu. Raoh je? Yule ndo aliyekuwa anaua na kutawala kuliko hao vibaka wote waliopasuka vichwa, na kwa vile ni kaka wa Kenshiro wa kulelewa pamoja, na ana kifua, kafa amesimama ngumi juu kama sanamu. Vibaka wanapasuka, mkubwa anaagwa kwa heshima zote. Kwahiyo lawama ya Ngosha ni ya tangu enzi zenu.

Na mimi nawaambia ukweli ambao hamtaki, kipimo ni kupendwa. Lile gazeti linatoka kila wiki na ndani kuna kadi, msomaji anajaza hadithi zilizomkosha anatuma, ukishuka kwenye kura wanakukata. Adui akipendwa mtunzi atamuua ili iweje? Vegeta wa Dragon Ball huyo hapo. Kaja duniani na mwenzie marafiki wa steringi Goku wakafa, kaenda sayari ya Namek kafyeka kijiji kizima kwa mikono yake, baba wa watoto wawili leo, anakaa kwa tajiri Bulma anafanya mazoezi. Goku mwenyewe ndo aliyemuomba rafiki yake Krillin asimmalize, na sababu aliyotoa ni kwamba anataka apigane nae tena! Familia za waliokufa hazikuulizwa.

Mzee_wa_Kibanda_Umiza
Marahaba. Raoh usimguse.

Mwalimu_Mstaafu_Kisesa
Wanangu, hizo katuni mimi nasimuliwa na mjukuu akiwa amenishikia simu, majina siyashiki. Ila hili la familia za waliokufa limenirudisha kwa Shing'weng'we. Wa kwetu mnaijua, na asiyeijua aende pale makumbusho ya Wasukuma Bujora atasimuliwa. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yao, kabaki mama mmoja mjamzito kajificha, akazaa Masala Kulangwa. Kijana akakua, akauliza watu wako wapi, akaenda akaliua lile zimwi. Sasa hapo muvi zenu zinaishia. Yetu haiishii hapo, kijana analipasua tumbo ili watu watoke, na katika kupasua kisu kikamkata bibi mmoja sikio. Bibi akawaka kwelikweli. Ametolewa tumboni mwa zimwi na bado anadai sikio lake, na kijana ikabidi ahangaike mpaka amtibu.

Mimi nikisimuliwa hadithi ya adui huwa namuuliza mjukuu swali moja, waliomezwa wametoka? Zimwi kafa vipi hilo ananieleza hata nisipouliza, anarukaruka mpaka anamwaga chai.

Ngosha_wa_Igoma
Mwalimu shikamoo, aisee umenipa pa kushika. Ngoja niijaribu kwa Nagato maana nae nilikuwa namweka kundi moja na Obito. Nagato kashusha Konoha, kijiji cha Naruto, yote chini, ninja wa kijiji hichohicho ndo waliowaua wazazi wake kipindi cha vita, Naruto anamfata anaongea nae badala ya kumuua. Nilikuwa naichukia ile sehemu, vita yote ile unaimaliza kwa maneno? Lakini kwa kipimo cha mwalimu, Nagato baada ya pale anatumia uhai wake wote kuwarudisha aliowaua siku ile, na anakufa kwa kufanya hivyo. Waliomezwa wametoka. Na sikio lipo pia, Jiraiya mwalimu wa Naruto hakurudi, alikuwa ameuawa kabla, na Naruto amebaki na hilo pengo mpaka mwisho wa hadithi hakuna aliyemdanganya kwamba limezibwa.

Obito sasa kwenye hiki kipimo anafeli. Na Orochimaru anafeli kwa alama sifuri.

Sato_Foili
Nimekuwa nasoma kimyakimya ila kama ni swali la imepatia naona aibu hamna aliyeitaja Fullmetal Alchemist. Hiromu Arakawa, mwanamke, kakulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kwahiyo Wasukuma muwe na adabu. 2001 mpaka 2010, juzuu 27, imeanza imekwisha, haikuvutwa.

Kuna Envy, kamuua Hughes kwa kujigeuza sura ya mke wake, Hughes akashindwa kurusha kisu. Rafiki yake Mustang anapomjua muuaji anamchoma moto, anamchoma tena na tena, anamchagulia mpaka ulimi na macho. Na wewe msomaji unashangilia! Halafu Hawkeye, mtu anayempenda huyo Mustang kuliko wote, anamuelekezea bastola kichwani mwake. Envy kabaki kajidudu kadogo kanakanyagika, na hawamuui. Edward, ndo steringi, anamwambia wewe kumbe unatuonea wivu binadamu, na hiyo ndo inamshinda, anajitoa uhai mwenyewe. Adhabu ikaingia palepale alipokuwa anapaficha.

Na kwa mwalimu nina Scar. Scar aliwaua wazazi wa Winry, rafiki wa Edward, madaktari waliokuwa wanamtibu yeye, alikuwa amechanganyikiwa kwa yale mauaji ya ndugu zake, sawa. Winry alishawahi kumshikia bastola akashindwa kufyatua. Baadae Scar ameumia, Winry anamfunga bandeji. Jamaa anauliza kwahiyo umenisamehe? Binti anajibu hapana, ila wazazi wangu wangekutibu. Scar haendi kunyongwa, anaenda kufanya kazi ya kurudisha nchi yake iliyoteketezwa. Hiyo kesi imeamuliwa na mwenye msiba. Kwa Vegeta iliamuliwa na mtu anayetafuta mtu wa kupigana nae.

Mbishi_Mabatini
Sawa lakini Mustang mwenyewe alichoma watu Ishval, nchi ya huyo Scar, na mwisho wa siku anapanda cheo.

Sato_Foili
Anapanda ila hadithi inakwambia mpango wake ni kufika juu ili ije kushtakiwa kila mtu na yeye akiwemo. Kama hiyo kesi itakuja kusomwa kweli au hapana, hapo nakuachia, na mimi inanikera kidogo.

Dada_wa_Pasiansi
Nirudi kidogo kwenye kumbukumbu za utotoni maana naona mnazionea. Kwenye Demon Slayer kila shetani mkubwa anapewa ya kwake na hamna anayesamehewa. Gyutaro na dada yake Daki, watoto wa mtaani, wamezaliwa kwenye mtaa wa madanguro, binti alichomwa moto akiwa hai ana miaka 13. Na lini tunaambiwa haya? Vichwa vimeshakatwa! Steringi Tanjiro amekata kwanza, hakusita, ndo kumbukumbu zinakuja, na mwisho Gyutaro anambeba mdogo wake mgongoni wanaingia motoni wawili. Nililia kama mjinga na bado nilikuwa naona ni haki waende. Kwahiyo shida ya Obito sio kwamba tulionyeshwa alivyoumia. Ni kwamba yale maumivu yalipelekwa mahakamani yakatumika kama wakili.

Mtunzi wake Gotouge aliimaliza kwa chapta 205 tu, labda ndo maana. Adui akikaa miaka kumi kwenye gazeti mtunzi mwenyewe anamzoea.

Ngosha_wa_Igoma
Dada hiyo ya vichwa kukatwa kwanza nimeiscreenshoti naenda kumwonyesha dogo. Kwahiyo wakuu naanza na hiyo Fullmetal, nisaidieni pa kuisomea bila kumaliza bando, ile app ya Manga Plus naona inatoa bure chapta tatu za mwanzo na tatu za mwisho.

Sato_Foili
Hiyo ni ya Shueisha, wachapishaji wa Jump, Fullmetal haikutoka kwao hutaikuta humo. Njoo inbox.

Mzee_wa_Kibanda_Umiza
Mnajifanya wajuzi wa haki, haya nijibuni huyu, Wapol wa One Piece. Mfalme, kafukuza madaktari wa nchi nzima kabakiza 20 wa kwake, mgonjwa akitaka tiba aje apige magoti. Kapigwa na Luffy karushwa huko, kaokota takataka kaanza kutengeneza vitoto vya kuchezea anauza, ile chuma yake ikaonekana ni ya ajabu, kawa tajiri, kaoa mrembo wa dunia, kapata ufalme mwingine. Waliokosa tiba wako wapi?

Dada_wa_Pasiansi
Mzee huyo kapona kwa sababu anachekesha. Na yule haramia Buggy hivyohivyo.

Mbishi_Mabatini
Nilisema mimi. Kupendwa.