Naweka wapi jiokeshi Mji Mkongwe bila kubana ya mwenzangu?

mtoto_wa_vuga
Assalaam alaykum wana jiokeshi wa visiwani (kwa asojua, ni mchezo wa kuficha kopo lenye kidaftari ndani, wengine wanalitafuta kwa koodineti za simu wakaandika majina), nna suali. Siku zote mie mtafutaji tu wa za watu, sasa nataka kuficha yangu ya kwanza, na pahala nshapaona, Kiponda ndani ndani, unapita kichochoro nyuma ya nyumba kubwa ya zamani unatokea kwenye kijiuwanja kina baraza mbili na mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, pametulia wallahi. Tabu yake ramani inaonyesha ipo nyengine karibu. Ukenda kwa miguu ni mbali kweli maana lazma uzunguke mpaka msikitini ndo urudi, lakini kwenye ramani zimekaribiana. Hizi mita 161 zinazotakiwa baina ya jiokeshi moja na nyengine zinahesabiwaje, kwa njia unayopita au vipi? Na kuna mtu kanambia hata pale ramani inapoonyesha peupe unaweza kukataliwa, hilo sijalifahamu kabisa. Sitaki kumbana mtu, mwenye ile ya karibu anaitunza vizuri, kila nkipita kidaftari kikavu na kopo safi.

fundi_boriti
Waalaykum salaam. Ni mstari wa moja kwa moja juu ya ramani, kuta na vichochoro havimo kwenye hesabu. Asili yake ni sehemu moja ya kumi ya maili, ndo ikaja hiyo 161. Mkaguzi, yule anaepitisha jiokeshi kabla haijatoka, anaweza kulegeza pakiwa na sababu kubwa, mfano mto katikati, lakini kichochoro cha kuzunguka sidhani kama atakikubali na mie naona ana haki, mgeni akija na simu yake anaona mshale tu, atalikuta kopo lako akafikiri ndo la yule mwenzio, aandike jina kwenye kidaftari sicho.

Hilo la peupe ni kweli. Kuna jiokeshi za hatua nyingi na za mafumbo (unafumbua kwanza ndo unapata koodineti), kwenye ramani unaona pointi ya kuanzia tu, makopo mengine yamefichwa na hayo nayo yanakula mita zake 161. Hatua ambayo haina kitu kilichowekwa, mtu anasoma kibao au anahesabu kitu kisha anaendelea, hiyo haihesabiwi. Na ile pointi ya fumbo inayoonekana kwenye ramani mara nyingi hapana kitu pale, kwa hiyo usiiogope, kopo lenyewe ndo linalohesabiwa na linakuwa ndani ya kilomita 3.2 kutoka hapo. Cha kufanya, andika rasimu ya ukurasa, weka koodineti, mwombe mkaguzi akuangalilie kabla hujanunua hata kopo. Hakwambii la mtu liko wapi, anakwambia hapa pana nafasi au hapana.

Jengine, koodineti zako za Kiponda usiziamini haraka. Kuta ndefu pande zote mbili, simu inaona kipande kidogo tu cha mbingu na mawimbi yanagonga ukuta ndo yanafika, unaweza kusimama pale pale pointi ikakurukia nyumba ya pili. Pima asubuhi, pima jioni, siku nyengine tena, kisha chukua wastani. Ukiwa unachezea mita 160 na 170 kosa dogo tu linakutia ndani ya duara la mwenzio.

bint_kiponda
Mdogo wangu mie nakaa mitaa hiyo hiyo, nakuomba usiweke kopo pale, na hata hizo mita sizisemi. Zile baraza ni za watu. Jioni wazee wanakaa pale baada ya laasiri na kahawa yao, kinamama wanapita, milango iko wazi, sasa aje mtu asiemjua mtu ainame anapapasa chini ya baraza au atie mkono kwenye tundu la ukuta pembeni ya mlango wa mtu, usiku na tochi pia. Wewe wa Vuga watakusamehe, mgeni watamuulizia kwa sheha, na wana haki.

Halafu kuta zenyewe. Hizi nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, ukivuta jiwe moja unaondoka na chokaa yake. Beit al Ajaib yenyewe upande mmoja uliporomoka Disemba 2020 na watu wakafariki, kwa hiyo mimi pahala popote penye ukuta mbovu sitaki kumpeleka mtu akachokoechokoe. Na mji ni urithi wa dunia tangu 2000, hatuchomeki wala hatugundishi.

Ila mlango ule ni mzuri, usiuache. Ufanye hatua ya kwanza bila kopo, mtu anasimama njiani anahesabu misumari ya mstari mmoja, anapata nambari, anaondoka. Mwenye nyumba muombe ruhusa pia, hapana neno atafurahi. Kopo likae kwengine kwenye nafasi. Mngewaza ile reli ya zamani ilokuwa inatoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, ya 1905, maili saba hivi, watoto wa leo wengi hawajui kama Unguja ilikuwa na treni! Anza mjini, malizia Bububu, daladala 502 inakufikisha.

mpemba_wa_konde
Dada kasema kweli. Mie kila siku nawaambia, nyote mnajazana mjini halafu mnauliza nafasi, na huku Pemba ramani peupe. Lakini usije ukaficha huku ukarudi Unguja ukasahau, kopo likipasuka lazma mwenyewe ulifikie, ukipata mtu wa huku wa kukutunzia sawa. Msitu wa Ngezi una watunzaji wake, waombe kwanza.

Na kama kopo linakushinda zipo EarthCache, hazina kopo kabisa na hazimo kwenye mita 161, mtu anajibu masuali ya mawe. Nenda Mtende huko kusini kwenu utazame miamba ya matumbawe ilivyoliwa chini na bahari ikabaki mfano wa uyoga, hayo ndo masuali yenyewe.

mtoto_wa_vuga
Jazakallah kheri wote. Reli imenikaa. Ami yangu ana shamba Bububu karibu na pwani, nimempigia sasa hivi kakubali kopo likae kwenye mikarafuu yake, na mie napita kwake kila wiki. Suali la mwisho, nilitaka hasa kulishusha chini kwenye mawe ya ufukweni, kuna neno?

fundi_boriti
Liache kwa mikarafuu. Maji ya bamvua huku yanapanda hata mita nne, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yale mawe yote yanazama na kopo linakwenda zake. Usilichimbie, liegemeze tu kwenye shina, mfuniko wenye mpira, masika haina huruma na karatasi. Rasimu ukiimaliza niletee koodineti, ntapita Ijumaa na simu yangu kuzipima upya.