Baroda waliwezaje kulazimisha watoto wote kwenda shule?

Msomaji_Ngara: Hamjambo. Jirani yangu mzee, ambaye babu na nyanya yake walitoka Petlad, India, ananiambia kwao Baroda, eneo la magharibi mwa India lililokuwa na Petlad, elimu ya msingi ilikuwa bure na ya lazima kabla ya 1910. Si India yote ilikuwa chini ya Mwingereza? Sisi Kenya karo ya msingi imefutwa 2003!

Mwalimu_Mstaafu: Mzee hajakosea. Baroda ilikuwa na mfalme wake, Sayajirao wa Tatu, aliyetawala 1875 hadi 1939. Alitolewa kijijini akiwa mtoto, hajui kusoma, akarithishwa kiti. Nadhani hilo halikumtoka moyoni. Alianza na Amreli peke yake, sehemu moja ya himaya yake, 1893. Mwaka 1906 sheria ikaenea himaya nzima, na mzazi aliyemficha mtoto alilipa faini. Upande wa India uliotawaliwa na Waingereza wenyewe, Gokhale, mwanasiasa wa Kihindi, alipeleka mswada wa namna hiyo 1911, wakaukataa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni vitabu. Januari 2003 nilikuwa nafunza darasa la kwanza hapa Eastlands. Watoto zaidi ya mia, watano kwa dawati la watatu, wengine sakafuni juu ya magunia. Kitabu kimoja kiliwekwa katikati ya watoto wanane. Kuna msichana aliyekaa ng'ambo ya kitabu kila siku, akazoea kusoma herufi kichwa chini; nilipomgeuzia, akakwama. Sayajirao aliona kwamba mtoto asiye na cha kusoma husahau. Mwaka 1910 alimleta mkutubi Mmarekani, William Borden, wakafungua maktaba mijini na vijijini. Pasipo na maktaba, sanduku la mbao lililojaa vitabu lilipelekwa, likikaa muda, likirudi, linakuja jingine. Hilo sanduku ningelilipia kwa mshahara wangu.

Wanjiku_K: Mwalimu, nimesoma kwamba wavulana walilazimika hadi miaka 12, wasichana 10 tu. Kwa nini?

Mwalimu_Mstaafu: Kwa sababu ya ndoa za mapema, na sitaitetea. Miaka miwili ni mingi kwa mtoto. Ila mfalme huyohuyo ndiye aliyemlipia Ambedkar, kijana wa Dalit (tabaka lililobaguliwa kama "wasioguswa"), kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, 1913, wakati Dalit wengi hawakukubaliwa hata kuketi darasani na wenzao.

Msomaji_Ngara: Nimemsomea mzee haya yote. Anasema nyanya yake alitolewa shule akiwa na miaka 10 kamili. Hapa Ngara, hadi uzeeni, alikuwa akiwasomea majirani barua zao za Kigujarati, mlangoni, miwani imefungwa kwa uzi.