Ushauri: nataka kumpelekea mzee kisu cha kukunja cha Kijapani, nichukue kipi?

MtuWaMuheza: Habari za usiku wakuu. Niko Kobe kimasomo, Desemba narudi nyumbani. Nataka kumpelekea baba kisu cha kukunja cha huku, kinaitwa higonokami. Nimezunguka madukani mpaka nimechoka. Kuna vya mpini wa shaba ya manjano na vya mpini mweusi, kuna vya chuma cha aogami na vya chuma cha kawaida. Mzee anapenda visu. Kipi kitadumu? Usingizi sipati, sitaki kukosea.

FundiChuma: Mkuu, mpini usikuumize kichwa, ni bati lililokunjwa tu. Angalia bapa. Aogami ni chuma cha kaboni kilichotiwa kromi na tungsteni kidogo. Kwenye visu hivi hubanwa katikati ya chuma laini, ndiyo maana makali yanakaa sana na bado kinanoleka. Ila kutu kinashika. Ukikatia chungwa ukakiacha bila kufuta, asubuhi unakuta madoa meusi. Kingine: jina Higonokami leo ni alama ya karakana moja tu iliyobaki, Nagao Kanekoma, mji wa Miki, hapo hapo jirani na Kobe. Vingine vyote ni vya mtindo huo. Kifungue ukitikise, bapa lisicheze kwenye ribiti.

Wakili_Mtaani: Nyie mnaongelea chuma, mimi naongelea kituo cha polisi. Japani ukikutwa barabarani na bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya maana, unaweza kupata kesi. Hata fupi ukilificha bila sababu kuna sheria ya makosa madogo. Nunua, kiache kwenye boksi na risiti. Kwenye ndege kiweke kwenye begi la mizigo, usipande nacho.

Kasuku_Mzee: Umenikumbusha mbali. Nilifanya kazi Osaka na mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Alisema utotoni kila mtoto wa kiume alikuwa na higonokami ya kuchongea penseli. Mwaka 1960 mwanasiasa Asanuma Inejiro akauawa jukwaani na kijana wa miaka 17, ikaanza kampeni ya kuwanyang'anya watoto visu. Yule mzee alikuwa bado anachonga penseli kwa kisu, ncha ndefu kama sindano. Sisi kwetu tulitumia wembe, nina kovu mpaka leo.

MamaWawili: Mleta mada, "anapenda visu" si jibu. Anakatia nini?

MtuWaMuheza: Anabebesha miche ya michungwa, dada. Kazi yake miaka yote. Anachukua kikonyo cha chungwa tamu anakiweka kwenye shina la limau. Kisu chake cha zamani kimeliwa na jiwe mpaka kimebaki kama jani la mchaichai.

FundiChuma: Hapo umebadilisha swali. Higonokami haina kufuli. Pale nyuma kuna kiulimi, wanakiita chikiri. Ukikata, dole gumba linakaa juu yake, ndilo linalozuia bapa lisikurudie vidoleni. Mkono wa mzee uko vizuri?

MtuWaMuheza: Uko vizuri kiasi.

MamaWawili: Kiasi gani?

MtuWaMuheza: Alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kulia umerudi, ila dole gumba halina nguvu sana. Anafanya mazoezi kila siku. Na nimeshalipa, jina lake linachongwa kwenye mpini. Kisu kama hiki kitampa moyo, ndicho ninachotaka. Mimi nimeuliza chuma tu.

FundiChuma: Ndugu yangu, hicho kitamkata. Moyo atapewa na kisu anachoweza kukishika.

Mpekuzi_77: Jamani mnakunywa chai hii? Kwanza mzee "anapenda visu", mara mkulima, mara kiharusi. Mtu yuko Kobe na Miki iko jirani, anakuja kuuliza huku? Huyu anauza visu. Na mgonjwa wa kiharusi anabebeshaje miche?

Kasuku_Mzee: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

MtuWaMuheza: Siuzi kitu, na ningeuza nisingesema kinakata watu. Sikutaja kiharusi kwa sababu mzee mwenyewe hapendi kitajwe. Mwezi uliopita nilimwona kwenye video. Alikata alama ya T kwenye gome vizuri, akapachika kikonyo, akafunga nailoni huku ncha moja ameiuma kwa meno. Alipokishika kisu tena kikamponyoka, kikachoma udongo karibu na kidole cha mguu. Akasema mkono umelowa. Haukuwa umelowa.

Mpekuzi_77: Nisamehe mkuu. Hilo la meno huwezi kulitunga, mjomba wangu Muheza anafunga hivyo hivyo.

MamaWawili: Pole. Sasa FundiChuma, msaidie, usimwache hewani.

FundiChuma: Miki ni mji wa zana, si wa kisu kimoja. Nenda ukaulizie kiridashi: kipande kimoja cha chuma, hakikunjwi, makali yamekatwa mshazari mwishoni. Kinashikwa kwa kiganja kizima. Mara nyingi kimenolewa upande mmoja, hivyo kuna cha mkono wa kulia na cha kushoto. Uliza kabla hujalipa. Mpini wake uviringishie kamba uwe mnene. Na kitengenezewe ala ya ngozi.

Wakili_Mtaani: Na ukitoa zawadi ya kisu weka sarafu ya yen 5. Wapo Wajapani wanaoogopa kisu kisikate undugu, na "go-en", yaani yen 5 kwa lugha yao, linasikika kama neno lao la uhusiano.

MtuWaMuheza: Nimempigia mama sasa hivi. Amesema nilete kisichokunjwa, cha mkono wa kulia, mzee kushoto hataki hata kujaribu. Kile chenye jina nacho nilete, atakitia mfukoni siku za msikitini. Ila nisimwambie mzee kwa nini viko viwili.