Mrejesho: harufu ya petroli ndani ya Beetle ya 1972

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini Volkswagen Beetle yangu inanuka petroli ndani, hasa nikitoka kujaza tangi, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Wengi mlisema kabureta, kile kifaa cha kwenye injini kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ni nzima. Aliyeniuliza harufu inaanzia mbele au nyuma ndiye aliyenifumbua macho, maana kwenye Beetle injini iko nyuma ila tangi liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na dashibodi.

Fundi alikausha juu ya tangi kwa kitambaa, akanyunyiza poda ya mtoto kuzunguka geji ya kupimia petroli iliyo juu ya tangi na shingo ya kujazia, tukalitikisa gari. Poda ya kwenye geji ilibaki nyeupe. Ya shingoni ikalowa upande mmoja. Tulipoukunja ule mpira unaounganisha shingo na tangi, nyufa zikafunguka kama magamba. Kampira kembamba ka kupitishia hewa ya tangi nako kalikuwa kamekauka, kanakatika kwa kidole.

Nimebadilisha yote miwili pamoja na klipu zake. Nunueni mpira wa petroli hasa, wa maji huharibika haraka. Na kabla ya kugusa chochote, chomoeni waya wa betri na mfanyie kazi nje.

Harufu imekwisha, hata tangi likijaa pomoni. Nimebadilisha pia mipira ya petroli kule kwenye injini, kwa sababu ikipasuka juu ya injini ya moto, gari linaungua. Asanteni sana.