Viazi Umalila: majani yamefika kiunoni, chini gololi. Nimezidisha yurea?

Shamba_Mbalizi: Habari za humu wakuu. Nina eka moja ya viazi mviringo huku Umalila, leo siku ya 58. Nilipandia mbolea ya DAP mifuko miwili, wakati wa kupandishia udongo nikamwaga yurea mifuko mitatu. Najua, najua. Muuza duka alisema viazi vinakula sana mbolea, na samadi ya kuku nilishaweka tangu kulima. Sasa majani ni kijani cha kutisha, lakini kingo zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Saa sita mchana yanalegea, ilhali nikifukua udongo una unyevu. Jana nimeng'oa shina moja: viazi vinne, vyote kama gololi. Niongeze nini?

kyela2: Usiongeze KITU.

FundiUdongo: Mkuu, tupige hesabu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, mitatu ni 69. DAP miwili inaleta 18. Hapo ni kilo 87 kwa eka moja, kuku hatujawagusa. Mbolea nyingi hivyo ikiyeyuka, maji ya udongoni yanakuwa na chumvi kali na mizizi inashindwa kuyavuta. Ndiyo maana mmea una kiu na miguu yake iko kwenye unyevu. Gololi nazo zina sababu: naitrojeni ikizidi, mmea unang'ang'ania kujenga majani na unachelewa kutia viazi. Mvua bado ipo?

Shamba_Mbalizi: Imekata siku ya tisa leo.

FundiUdongo: Basi mwagilia, maji mengi kwa mkupuo, chumvi ishuke chini ya mizizi. Busta ya majani achana nayo, nyingi ni naitrojeni ileile kwenye chupa. Msimu ujao peleka udongo TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, ukapimwe kabla ya kwenda dukani.

MamaLumbesa: Pole mwanangu. Mimi yalinikuta kwenye mahindi: yalirefuka kama mianzi, upepo wa usiku mmoja yakalala yote. Kwako naogopa ukungu. Majani yakishonana hivyo, umande haukauki mpaka saa nne. Piga dawa sasa, usingoje madoa. Na usivune kwa kuhesabu siku, vitachelewa kukomaa na ngozi itachubuka gunia likifika sokoni.

Shamba_Mbalizi: Asanteni. Jirani ana mfereji, nimemfuata, anataka debe la viazi kama malipo. Nimempeleka akaone zile gololi, kacheka, kaniambia nianze kesho, tutaongea baadaye.