Sura imerudishwa: sauti chini, mvumo nyuma

Swali: Habari wakuu. Mhakiki wa LibriVox (mradi wa watu wanaojitolea kusoma vitabu kwa sauti) ameirudisha sura niliyorekodi: sauti ni 84 dB na mvumo unasikika. Nikiongeza sauti, mvumo nao unapanda. Pia dakika ya 12:40 kuna sentensi nimeisoma mara mbili. Nianzie wapi?

Jibu 1: Mvumo kwanza, sauti baadaye. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) chagua sekunde moja au mbili za kimya kitupu, pasipo hata pumzi, uchukue sampuli ya kelele. Kisha chagua faili zima, punguza kelele kwa 6 hadi 9 dB, basi. Ukizidisha, unasikika kama unaongea ndani ya pipa. Ndipo uongeze sauti ifike 89 dB. 86 hadi 92 inakubalika. Vilele vikigonga 0 dB (hiki ni kipimo kingine, cha ndani ya Audacity, ambako 0 ndiyo kikomo cha juu) vinakatwa, na sauti inakwaruza.

Ila dawa hasa ni maikrofoni: isogeze karibu, kama sentimita 15, pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige.

Jibu 2: Sentensi iliyorudiwa kata tu kwenye kituo, bakiza ile iliyosomwa vizuri. Kama ingekuwa imerukwa, rekodi sentensi nzima. Neno moja la kupachika hujulikana papo hapo.

Jibu 3: Na usihariri ile MP3! Kila ukiihifadhi upya ubora unashuka. Rudi kwenye faili la mradi wa awali la Audacity, toa MP3 mpya: 128 kbps, 44.1 kHz, mono, na kimya cha sekunde 5 mwishoni.